Walimpa Kura, Wakamnyima Maziwa

Mara ya kwanza kuona kibuyu cha maziwa kikimpita baba yangu mgongoni ilikuwa kwenye harusi ya watu wa kwetu hapa Brussels, katika ukumbi wa parokia wenye viti vya plastiki na harufu ya samaki wa kukaanga. Miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza imeanza, na baba hajamaliza hata mwaka Ulaya. Wazee wa milima yetu ya Kivu walikuwa wamekaa mstari mmoja ukutani, wamevaa suti na kofia. Kama desturi inavyotaka, kibuyu cha maziwa ya kuganda kilianza kwa mkubwa wao, kikaenda mkono kwa mkono. Kilipofika kwa jirani wa baba, mwalimu mmoja mstaafu, yule bwana alikunywa, akapangusa mdomo, kisha akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wa baba na kumpa mtu wa upande wa pili. Baba alikuwa akitazama dari. Hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Kilichonichoma ni kwamba watu hao hao, dakika chache tu nyuma, walikuwa wamesimama wote kumpokea. "Honorable! Honorable, karibu mbele!" Walimvutia kiti kizuri kuliko vyote, kile cha padri chenye mto. Mpiga picha aliambiwa amchukue yeye kwanza.

Kwenye tramu ya kurudi nyumbani Koekelberg nilishindwa kujizuia.

"Papa, ile kibuyu ilikupita."

"Niliona."

"Na ulinyamaza?"

"Mutoto yangu, toka mbele ya indépendance inanipita. Batu ba kwetu balinipatia kura, balininyima maziwa. Bananiita Honorable. Bon. Weye unaweza kunywa Honorable?"

Akacheka peke yake. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nilikua nikijua nusu ya maisha ya baba, ile nusu ya kujivunia: kwamba alikaa katika baraza la kwanza la jimbo letu wakati bendera ya Ubelgiji inateremshwa, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya, mweusi kati ya weupe. Nusu nyingine mama hakutaka isemwe nyumbani. Alikwenda nayo kaburini. Niliipata kwa baba mwenyewe, kidogo kidogo, jikoni kwangu, mahali alipopenda kukaa kwa sababu dirisha linaonyesha basilika na yeye alipenda kulilaumu lile kuba. Alisema jumba kubwa hivyo lingetosha ng'ombe wa kilima kizima, na mvua isingewagusa.

Baba alikuwa mchunga ng'ombe. Si kwa mafumbo. Tangu utoto mpaka baada ya kuoa, maisha yake yalikuwa nyuma ya mikia. Alimtambua kila ng'ombe kwa kikohozi chake. Misheni walimfundisha katekisimu na Kifaransa cha kuitikia amri, akarudi malishoni. Kisha utawala ukaweka poste ya maziwa, kituo cha kuyapokelea, chini barabarani. Kila boma lenye ng'ombe lilitakiwa kushusha maziwa pale kila asubuhi, ya kutengenezea siagi ya walowezi, na anayeleta pungufu alilala jela. Kiangazi kikaingia. Nyasi zikawa haba, chuchu zikapungua, lakini kipimo cha poste hakikupungua. Ndama wakaanza kufa. Baba aliniambia ndama anayekufa njaa halii. Anakufuata tu na kukunyonya vidole.

Wakati huohuo lilifunguliwa baraza la wilaya, na wakubwa wakatafuta wenyeji wachache wa kukalia viti. Walitaka watu wa kutikisa kichwa. Wasomi waliogopwa, maana wasomi walikuwa wameanza kusoma magazeti. Wakamchukua mchunga ng'ombe asiye na hata koti, wakijua hatafungua mdomo. Na kweli hakuufungua. Alikaa vikao na vikao, mikono magotini, akiwaangalia tu jinsi mchungaji anavyoangalia mlango wa zizi. Walimsifu sana kwa nidhamu.

Kisha siku moja administrateur, yule Mbelgiji mkuu wa wilaya, katika furaha zake, akamwuliza mbele ya wote kama wafugaji wanafurahia poste ya maziwa. Baba alisimama na kibuyu alichokuja nacho, maziwa ya ng'ombe wake ya asubuhi ile, yangali na joto. Wakafikiri ni zawadi. Akaenda mpaka meza kuu, akakiinamisha, akayamwaga yote: juu ya makaratasi, juu ya kitambaa cha kijani, yakachuruzika kwenye mbao za sakafu. Akasema maneno ambayo hata uzeeni aliyasema kwa sauti ileile:

"Hii ni ya ndama. Mukiitaka, mulambe."

Asiye wa kwetu ataona hapo ushujaa tu. Lazima nieleze. Kwa watu wa ng'ombe maziwa hayamwagwi. Hayamwagwi kwa hasira wala kwa furaha. Hata yaliyoharibika hupewa mbwa, au huwekwa kwenye nyasi za zizini taratibu, kwa kuomba radhi. Tone likianguka, unaliokota kwa kidole na kulilamba; mama alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo, na binti yangu aliyezaliwa hapa hapa anafanya hivyo kwa maziwa ya boksi bila kujua kwa nini. Anayemwaga kusudi ametukana ng'ombe wote wa dunia. Mkono wake haupewi tena maziwa na mkono wa mwingine, zisije chuchu za ng'ombe wa huyo mpaji zikakauka.

Kwa hiyo baba aliadhibiwa mara mbili. Wabelgiji walimpeleka bondeni, mbali, kwenye joto na mbung'o, mahali ambapo hakuna ng'ombe anayeweza kuishi, walijua wanachofanya. Lakini wafugaji walikuwa wamesikia habari, na boma moja baada ya jingine likaacha kushuka barabarani na maziwa. Jela ikajaa, poste ikakaa tupu, mwishowe ikafungwa. Baba aliporudi, uhuru ukibisha hodi, walimbeba mabegani tangu barabarani hadi kileleni. Wakampigia kura mpaka wale wasiojua kushika kalamu. Na jioni ile ile, nyumbani kwa kaka yake wa kuzaliwa, maziwa yakapita kwa wote, na yeye akaletewa chai.

"Natoka kwa mbung'o, bananipatia chai," alikuwa akisema. Hilo ndilo lililomuuma. Bondeni kwenyewe hakukulalamikia hata siku moja.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Mtu hukaa kwenye kigoda kifupi mbele ya wazee, anasema "Nilikosa," anapewa maziwa, yamekwisha. Mama alimwomba miaka yote ya ndoa yao. Baba alikataa akiwa mheshimiwa wa baraza, akakataa serikali zilipobadilika akarudi malishoni, akakataa vita vilipochukua ng'ombe wake wa mwisho, akakataa aliposhuka treni Gare du Midi na fimbo yake na koti la kuazima. Nilimwuliza kwa nini, maana hata mimi kuna siku nilichoka.

"Nikisema nilikosa," alinijibu, "donc bale ba-Belge balikuwa na haki. Aba. Sitasema."

Miaka ikapita, binti yangu akachumbiwa. Na kijana akawa wa milima yetu, kwao wanaishi Anderlecht, watu wazuri, wanasali. Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Kisha nikakumbuka kibuyu, nikavikatisha.

Mahari yetu ni ng'ombe. Wako mlimani, wanaangaliwa na ndugu waliobaki. Huku Brussels wanatolewa kwa mdomo, kila mmoja na rangi yake na sifa zake. Lakini lazima mkubwa wa kiume wa nyumba ya binti asimame, awapokee kwa maneno, na anywe maziwa mbele ya watu. Bila hivyo ng'ombe hawajapokelewa, na binti hajaolewa. Baba yake binti hatunaye, na katika nyumba yetu mkubwa alikuwa mmoja tu: babu yake.

Wajumbe wa upande wa kijana walikuja sebuleni kwangu Jumapili baada ya misa. Aliyesema ni yule yule mwalimu mstaafu, ambaye kumbe ni baba mkubwa wa kijana. Alimsifia baba mpaka nikajua kuna jambo.

"Honorable, sisi bote tunakuheshimu. Bila weye, indépendance ingetupita. Mais coutume ni coutume, desturi ya bazee. Siku ile utaketi, utasema neno moja, tutakupatia maziwa, alors tutaendelea. Ama sivyo tumeona kuko ndugu yenu moja Charleroi, anaweza kusimama kwa nafasi yenu."

Ndugu wa Charleroi! Mtu ambaye binti yangu amemwona mara moja tu, kwenye msiba, akilalamikia chakula.

"Tonton," nikasema, na nilikuwa nimeshasimama, "mutoto yangu hatapokelewa ngombe na muntu asiyejua hata jina yake."

"Maman, tulia. Tunaongea na papa yenu."

Nilitulia kama sufuria inavyotulia juu ya moto. Baba akamaliza Fanta yake, akaweka glasi chini.

"Nimesikia," akasema. "Nitasimama. Neno sitasema."

Wakaondoka wamenuna. Usiku wote sina amani, lakini aliyenitia hofu hakuwa yule mwalimu. Alikuwa binti yangu. Kesho yake alitoka kazini moja kwa moja kwetu, hajavua hata koti, akapiga magoti mbele ya kiti cha babu yake.

"Babu, s'il te plaît. Ni neno moja tu. Juu yangu, kwa ajili ya ndoa yangu."

Baba alimpenda yule mtoto kuliko alivyotupenda sisi sote tuliomtangulia. Alimshika kichwa kwa mikono miwili.

"Niombe mara ingine," akamwambia, "nitasema. Juu yako nitasema. Lakini fikiri kwanza mbele ya kuniomba."

Binti yangu akavua koti, hapo hapo magotini. Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Hakumwomba mara ya pili, na hakumwambia pia kwamba asiseme. Siku zikakaa hivyo, sote tukitembea kwa vidole mle ndani.

Ndipo wafugaji wa Ulaya wakaingia mjini na matrekta. Zilikuwa zile nyakati bei ya maziwa ilipoanguka, nao wakaja kuyamwaga mbele ya majumba ya wakubwa. Baba aliona kwenye televisheni. Alisimama kabisa mbele ya kioo, akashika televisheni kwa mikono miwili kama mtu anayeishika isianguke.

"Nipeleke," akasema.

"Papa, kuko polisi, kuko moshi."

"Nipeleke, ao nitaenda peke yangu."

Tulichukua metro. Tulipotoka juu, barabara ilikuwa nyeupe. Maziwa yalikuwa yakitiririka kando ya njia, yanazunguka viatu vya polisi, yanaingia kwenye mifereji na majani makavu na vichungi vya sigara. Baba alivua kofia, kama jeneza linapita. Kisha akainama, taratibu, fimbo ikimtegemeza, akachovya kidole kwenye maziwa yale ya lami na kukiweka mdomoni. Nilitaka ardhi inimeze. Watu walikuwa wakitutazama.

Mfugaji mmoja aliruka kutoka kwenye trekta, mtu mzima mwenye buti za mpira na macho mekundu. Nadhani alifikiri tuna njaa. Akamwambia kwa Kifaransa kwamba asilambe barabara, anayo mengine safi. Baba akamjibu kwa Kifaransa chake cha barazani, kile cha zamani chenye adabu nyingi. Akamwuliza moyo wake ukoje.

"Kama nimemchinja mama yangu," yule bwana akasema. "Baba yangu amejifungia nyumbani. Amekataa kuniangalia."

"Na kesho utamwaga tena?"

"Ikibidi, kesho pia."

Baba akatikisa kichwa, akiridhika, akamweleza kwamba naye aliwahi kumwaga, mbele ya administrateur. Yule bwana hakuelewa, administrateur wa wapi? "Wa kwenu," baba akamwambia, na akamsimulia kwa ufupi, wamesimama katikati ya zile kelele, mimi nikisukumwa huku na huku na watu wenye mabango. Nilingoja yale maswali ya watu wa hapa: ilikuwa mwaka gani, je, mna uhusiano na waasi, je, unatuchukia? Yule mfugaji akauliza jambo jingine.

"Walipokupeleka mbali, ng'ombe wako walikamuliwa na nani?"

Baba akaegemea fimbo kwa mikono miwili. Katika maisha yake yote, katika sifa zote za Honorable huku na Honorable kule, hakuna aliyewahi kumwuliza hilo.

"Mke wangu," akasema. "Akiwa na mimba."

Mimba ile ilikuwa kaka yangu mkubwa. Nilikuwa sijui. Nililia pale pale barabarani, bila aibu, na polisi mmoja akafikiri ni moshi akanipa kitambaa.

Yule bwana alikwenda nyuma ya trekta akarudi na dumu la alumini, limejaa. Akamwekea baba mikononi, akashikilia naye kidogo kabla ya kuliachia. Alisema ni ya asubuhi ile, ng'ombe wake mwenyewe, na kwamba haya hayamwagi.

Tulirudi na dumu kwenye metro, abiria wakitupisha. Nyumbani baba alishusha kibuyu chake alichokuja nacho kutoka Kivu, ambacho mimi nilikuwa nimekiweka juu ya kabati kama pambo. Kibuyu hufukizwa moshi wa majani kabla ya kutiwa maziwa. Alichoma majani kwenye balkoni, king'ora cha jengo kikalia, na mama mmoja Mflamandi wa chini akapanda mbio na ndoo ya maji. Nilimtuliza kwa keki. Baba hakusikia lolote. Alitia maziwa, akafunga, akaweka kibuyu karibu na radiator ya ukutani, kwenye joto, na kila alipopita alikitikisa kidogo na kutega sikio. Binti yangu alimkuta akifanya hivyo. Alisimama mlangoni, akaelewa.

"Babu," akasema, "simama vile unataka."

Siku ya mahari tulijaa ukumbini, nyuma ya basilika. Ng'ombe walitajwa vizuri, siwezi kusema vibaya: yule mwalimu ana ulimi. Alipomaliza alisukuma kigoda kifupi katikati na mguu, akamtazama baba. Ndugu wa Charleroi alikuwa ameshavaa tai, anajikohoza.

Baba alisimama na fimbo. Alikipita kigoda. Kwa desturi, maziwa ya siku ile hutolewa na nyumba ya binti, na atakayekataa ameitukana nyumba hiyo. Alikuwa amelifikiria hilo tangu metro. Akainua kibuyu chake.

"Hii maziwa," akasema, "inatoka kwa muchunga ngombe moja wa huku. Naye alimwaga. Mie nilimwaga. Juu ya ndama. Sikukosa, na leo ningemwaga tena. Mwenye kiu, akunywe."

Akampa mwalimu, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari. Mwalimu alikishika kibuyu, akakiangalia. Hakukipeleka mdomoni. Akakisukuma kwa jirani yake, na jirani akakishika kama kinaunguza, akakisukuma. Nilimwona binti yangu kwenye kiti chake cha heshima, amekunja kanga mkononi.

Kikafika kwa bibi ya kijana. Mwanamke amekula chumvi, nyonga zimekufa, amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango wa choo. Alikinusa. Akanywa. Akanywa tena, si kwa adabu, kwa kiu.

"Ile mwaka ya poste nilikuwa mama kijana," akasema, bila kumwangalia yeyote. "Ndama yetu moja ilikufa, ilikuwa inaninyonya vidole. Ya pili ilipona, juu maziwa ilibaki nyumbani. Hii bangombe tunatoa leo, bote banatoka kwa ile ndama. Sasa munasukumiana nini?"

Akainuka. Kijana alitaka kumsaidia, bibi akampiga kofi la mkononi. Alivuka ukumbi wote kwa nyonga zile, akipumzika kwenye migongo ya viti, mpaka mbele ya baba yangu, akampa kibuyu mkononi kwa mikono yake miwili.

"Kunywa, muchunga ngombe," akamwambia.

Baba alikunywa. Tone likamwangukia kwenye tai, akalifuata kwa kidole na kulilamba kama mtoto. Binti yangu alikuwa ameshamfikia, na vigelegele sijui nani alianza, nadhani ni mimi. Kibuyu kilizunguka mara ya pili, na safari hii hakikumpita mtu mgongoni.

Ila mwalimu. Yeye alikaa amekunja mikono mpaka mwisho, na sikumlazimisha. Nilikwenda jikoni, nikachemsha maji, nikamletea chai.